Mtani Aliyetuuzia Gari

Wanaonijua husema nimekuwa na mdomo mchungu tangu ile ajali. Wanakosea. Mdomo wangu ulikuwa mchungu tangu usichana, na ndio uliomuua mume wangu, ukisaidiwa na watu wawili wa yadi ya magari pale Korogwe. Majina yao sitayaandika, hayastahili wino wangu. Nitawataja kwa kazi zao: muuzaji na mwenye yadi. Wa tatu ni mimi.

Sisi ni watu wa Sindeni, wakulima. Mahindi kidogo, machungwa mengi. Ubaya wa machungwa ni kwamba mnunuzi anakuja na lori lake, anajua huna pa kuyapeleka, basi anakaa juu ya ndoo yako mwenyewe na kukutajia bei huku anamenya chungwa lako. Tulivumilia hayo miaka mingi. Mwisho mume wangu akasema tuuze ng'ombe wote wanne, tununue pikapu, mizigo tuipeleke wenyewe. Kuendesha alijua. Alijifunza ujana wake, alipokuwa kibarua kwenye mkonge kule Mazinde, trekta kwanza, halafu gari la kubebea watu. Leseni alikuwa nayo, aliitunza kwenye sanduku pamoja na kanzu ya Idi.

Tulianzia Handeni mjini. Kulikuwa na yadi moja ndogo, na dada mmoja mezani mwenye kucha ndefu. Hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Mnanunua au mnaangalia?"

"Tunanunua," mume wangu akasema.

"Kaeni pale."

Pale palikuwa na benchi. Tulikaa tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Watu wenye mashati ya pasi waliingia nyuma yetu, wakahudumiwa, wakapewa maji ya chupa, wakaondoka. Mwishowe mume wangu akainuka mwenyewe, akaisogelea pikapu moja, akaiwekea kiganja kwenye boneti. Ndivyo alivyokuwa akiwagusa hata ng'ombe, anaanza na kiganja.

"Baba, mikono," yule dada akasema. "Hiyo imeshaoshwa."

Mume wangu akapafuta pale alipogusa kwa mkono wa shati lake. Alipafuta taratibu, mara mbili. Tukatoka, na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi.

Hiyo ndiyo hali tuliyofika nayo Korogwe siku ya pili yake. Mtu aliyetoka kudharauliwa, akichekewa na mwingine hahesabu meno.

Yadi ya Korogwe iko barabara kuu. Magari yamepangwa pua zikitazama wapita njia, matairi yamepakwa dawa nyeusi yanang'aa kama viatu vya askari. Muuzaji alitupokea getini kabisa. Alikuwa mwembamba, miwani ameiweka juu ya paji la uso, na sijawahi kumwona akiishusha hata siku moja.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Wenyeji wa wapi?"

"Sindeni," mume wangu akamjibu.

Akageuka kumtazama mwenye yadi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa ofisi na kikombe chake cha kahawa. "Bosi, hesabu matairi. Wazigua wameingia."

Kumbe yeye Msambaa. Basi, hapo mambo yote yakabadilika. Mzigua na Msambaa ni watani. Mababu walipigana mpaka wakachoka, kilichobaki kwetu ni maneno. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na wewe unacheka. Anamkamata kuku wako, unacheka. Ukikasirika umeshindwa, na utasimuliwa mwaka mzima.

"Mtani," akaniambia, "huyu mzee umemwokota wapi? Hiyo miguu ni ya kufuata ng'ombe, gari ataiweza?"

"Wewe unasema," nikamwambia. "Jua lenyewe umeliona juzi uliposhuka Mombo kutoka milimani kwenu. Kabla ya hapo ulikuwa unaota kwenye ukungu kama uyoga."

Akacheka mpaka akashika magoti. Mwenye yadi naye akacheka, akaagiza tuletewe soda. Mume wangu akapewa kiti cha kuegemea. Tangu tuanze safari ile, hao ndio watu wa kwanza kututazama usoni.

Pikapu ilikuwa nyeupe. Kiti bado kina nailoni, ndani imepuliziwa manukato. Mume wangu akapanda, akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Pedali inazama," akasema.

"Inazama, ndiyo," muuzaji akajibu. "Breki hamna humo, mtani. Mteremko wa kwanza tu unakwenda kuwasalimia babu zako. Kaburi umeshachimba, au tukuchimbie sisi Wasambaa?"

Yadi nzima ikacheka. Walikuwapo wanunuzi wengine wawili, nao wakaacha gari lao waje kusikiliza. Mimi nilicheka kuwashinda wote, soda ikanipanda puani.

Mume wangu hakucheka. "Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Haina breki."

Kicheko tena.

Mume wangu akashuka. Akasema anaye fundi wake Handeni, wanafahamiana tangu enzi za mkonge, angependa aje kesho aitazame gari kwanza. Alisema kwa upole, kama alivyosema kila kitu. Muuzaji hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi.

"Mtani, mumeo mwoga huyu. Mrudishe nyumbani akaatamie mayai, gari nikuuzie wewe."

Hapa ndipo zamu yangu ilipofika, na sitaficha. Nilisema hivi, maneno haya haya: "Huyu? Tangu anioe anaogopa hata baiskeli. Akitaka kwenda chooni mimi ndiye natangulia na tochi."

Ulikuwa uongo mtupu. Huyu ni mtu aliyeua chatu kwa jembe ndani ya banda la mbuzi, peke yake, halafu akaja kunawa mikono na kuuliza kama chai ipo. Lakini utani ulikuwa umenoga. Na baada ya ile benchi ya Handeni nilikuwa nataka tuendelee kidogo kuwa watu wa kuchekewa vizuri, tusirudi kuwa watu wa kuambiwa mikono.

Mume wangu alinitazama. Hakunitazama sana, ni mara moja tu, kama unavyomtazama mtu aliyekukanyaga kwenye msikiti uliojaa. Halafu akasema, "Leteni karatasi."

Kiti kilikuwapo, lakini alitia sahihi amesimama. Mimi niliishia darasa la tano, ila kusoma nasoma, na siku ile nilitaka waone kwamba nasoma. Nikasoma kwa sauti mstari wa mwisho: mnunuzi ameelezwa hali ya gari na ameridhika.

"Mmeelezwa, hamjaelezwa?" muuzaji akauliza.

"Tumeelezwa," nikasema. Tukacheka tena, mimi na yeye na bosi wake.

Gari ilikaa kwetu wiki tatu. Mume wangu aliizoea kama mtu anavyomzoea mke mwenye ulemavu. Alijua kwamba pedali lazima uipampu mara mbili ndipo ishike, mara tatu ukiwa na mzigo. Mafuta ya breki aliyaongeza kila asubuhi na kila jioni yalikuwa yameshuka. Siku moja nikamwambia, si umpigie yule fundi wako wa Handeni aje?

Alikuwa anafunga kamba kwenye bodi ya nyuma. Hakugeuka. "Nisije nikaonekana mwoga," akasema.

Nikadhani ananitania. Nikacheka.

Siku ya ajali tulipakia machungwa tangu alfajiri, tukatoka jua limeshapanda, tunaelekea Korogwe. Kuna mteremko mrefu unaoshukia darajani. Alipampu mara mbili, mara tatu, kisha nikaona mguu wake unakwenda haraka haraka kama anayekanyaga cherehani. Aliniambia neno moja tu, "Shika." Hapakuwa na kitu cha kushika. Akaikwepa bodaboda iliyobeba mama na mtoto, akaipeleka gari kwenye korongo upande wake yeye. Upande wake. Nimelifikiria sana hilo.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kwenye majani, mguu wa kushoto umegeukia kusiko kwake. Machungwa yalikuwa yamesambaa mpaka mtoni. Watu walikuja wengi, tena mbio, nikamshukuru Mungu. Walikuja na mifuko. Mwanaume mmoja alinikanyaga vidole akilifuata chungwa lililokuwa limeegemea bega langu, akaniambia samahani mama, akalichukua. Walipomaliza machungwa ndipo wakamtoa mume wangu.

Alizikwa jioni ile ile, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilikuwa hospitali naingizwa chuma mguuni. Sikumwona. Nilirudi nyumbani kwa magongo mawili siku chache kabla ya arobaini.

Siku ya arobaini, watu wameshakula, nguo za marehemu zimetandazwa kwenye mkeka zigawiwe ndugu, muuzaji akaingia uani. Alikuwa peke yake, miwani juu ya paji. Hakuna aliyeshangaa. Mtani ana haki msibani, anakuja kuwachekesha wafiwa na anachukua anachotaka. Wazee wakampisha. Akazunguka ule mkeka, akaigiza mwendo wa mume wangu, mabega mbele kidogo, na alimpatia sawasawa. Kisha akainama akaviokota viatu vyeusi vya ngozi, vya Idi, alivyovaa mara tatu au nne tu.

"Hivi nachukua mimi," akasema. "Mtani wangu hana haja navyo. Wenzake wote wanakwenda ahera kwa miguu, yeye amekwenda na gari."

Watu wakacheka. Ilikuwa lazima wacheke, ndiyo mila. Mama mkwe wangu, mtu mzima aliyemzika mwanawe wa pekee, alicheka huku amefunika mdomo kwa ncha ya khanga, na machozi yanamtoka. Mimi nilikaa. Bibi mmoja Msambaa, jirani yetu, ndiye pekee aliyenisogelea akaniwekea mkono mgongoni. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Huo si utani, mwanangu. Utani una mwisho wake." Lakini hakusema kwa nguvu, na viatu vikaondoka.

Nilipoweza kutembea na gongo moja nikaenda kituoni kushtaki. Askari aliyekuwa zamu akanipa kiti, akaisoma ile karatasi ya mauziano juu mpaka chini.

"Imeandikwa mlielezwa hali ya gari. Muuzaji alikuelezaje?"

"Alisema haina breki."

"Alisema mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akaikunja karatasi, akanirudishia. "Sasa mama, unashtaki nini?" Alijitahidi asicheke, nampa haki yake. Alishindwa.

Kutoka hapo nikaenda yadi. Mwenye yadi alikuwa kwenye kiti kile kile. Aliniambia pole, akasema mfanyakazi wake alinieleza, na kwamba yeye biashara yake ni ya wazi. Muuzaji akatoka katikati ya magari. Nikaitazama miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vya mume wangu, amevipaka rangi vizuri.

Nikapiga kelele. Nilisema niliyosema, mengine siyakumbuki. Yeye alisubiri nimalize, kisha akasema kwa upole mkubwa, "Mtani. Hasira za nini?"

Wateja wakacheka, na mimi nikawa nimeshindwa.

Nilirudi Sindeni na kitu kimoja tu kichwani. Pesa sikuzitaka, maana ng'ombe hawarudi. Nilitaka yule mtu aseme kwamba alijua, aseme kwa sauti ya kawaida, bila kicheko, watu wakisikia. Mimi nimeshasema langu kila siku kwa mama mkwe, mpaka amechoka kunisikiliza. Na yeye aseme lake.

Basi nikaanza kuuza machungwa getini pake. Kila siku ya gulio nashuka na ndoo zangu, naweka kigoda, nakaa. Siku ya kwanza mwenye yadi akamwambia muuzaji amwondoe huyu mwanamke. Nikajibu kabla yake, kwa kicheko kikubwa, "Mtani, unamfukuza mtani wako?" Na yeye angefanya nini, na wateja wanatazama? Akasema, "Mwache, bosi. Ni mtani wangu, akichoka ataondoka."

Sikuchoka. Mteja akiingia namkaribisha. "Karibu baba. Hapa pana magari mazuri sana. Mume wangu alinunua hapa, hajarudi hata siku moja kulalamika." Wanacheka. Namwita muuzaji, "Mtani, mwonyeshe mgeni ile inayokwenda ahera moja kwa moja, isiyosimama vituo." Wanacheka. Halafu wanaliona gongo, wanautazama mguu wangu uliofupika, kicheko kinakaukia njiani. Mmoja ananiuliza pembeni, mama, ni kweli hayo? Namwambia, "Muulize mwenyewe. Huyu hasemi uongo. Hata mimi aliniambia." Wananunua machungwa mawili matatu, wanaondoka, gari hawanunui.

Alijibu vizuri mwanzoni. Alinitukana mguu, akaniita korongo wa mashambani, akasema nimekuja kutafuta mume mwingine. Nilicheka kila tusi. Nilijifunza kucheka kama mashine ya kusaga, haijali umetia nini. Mwezi wa pili majibu yake yakawa mafupi. Mwezi wa tatu akawa akiniona tu anaingia ofisini. Nilisikia kwamba bosi wake amempunguzia mshahara, kwa sababu magari yamelala. Nilifurahi. Sitasema kwamba sikufurahi.

Siku yenyewe walikuja mume na mke kutoka Makuyuni, wakulima kama sisi, umri wetu. Mwanamke alikuwa mchangamfu, anajibu utani kabla haujafika. Muuzaji alikuwa amewapandisha kwenye gari ndogo ya kijani, na nikaona uso wake unavyohangaika, anaitaka sana biashara ile. Nikanyanyuka na gongo langu, nikaenda mpaka dirishani.

"Baba," nikamwambia yule mume, "kanyaga breki. Inazama?"

Mkewe akacheka. "Mama, usimtishe, huyu wangu mwoga."

Nilikuwa na utani umejaa kinywani na wote ukaniganda. Mume wake alikuwa amemtazama mara moja tu, na mimi ule mtazamo naujua.

Muuzaji ndiye aliyesema. "Mama, inatosha."

Aliniita mama. Miezi yote ile hakuniita hivyo. Hapo nikajua kwamba utani umemwishia, na sauti yangu ikarudi.

"Mtani," nikamwambia taratibu, "hasira za nini?"

"Nilijua," akasema. "Umefurahi? Nilijua breki mbovu. Bosi alinikataza kusema. Nikasema kiutani, ili nisiwe nimenyamaza kabisa. Niliwaambia. Nyie ndio mlicheka. Wewe ndiye uliyecheka kuliko wote. Sasa unataka nini kwangu?"

Mwenye yadi alikuwa mlangoni. Akaweka kikombe chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Yule mume wa Makuyuni akashuka garini, akamshika mkewe kifundo cha mkono, wakatoka getini bila kuaga.

Nikabaki nimesimama nasubiri. Nilidhani maneno yale yakishasemwa kitu fulani kifuani kitalegea. Lori lilipita barabarani. Lingine likapita. Hakikulegea kitu, maana alichosema kilikuwa kweli chote, mpaka kipande changu.

"Vua viatu," nikamwambia.

Aliinama, akafungua kamba, akavitoa, akabaki na soksi zilizotoboka juu ya kokoto zilizochomwa na jua. Nikavitia kwenye ndoo, juu ya machungwa yaliyobaki, nikaondoka.

Nyumbani niliviweka pale mume wangu alipokuwa akiviweka, nyuma ya mlango, pua zikitazama ukuta. Kisha nikavitoa tena kuvitazama kwenye mwanga. Viatu vyote mume wangu alivila kisigino upande wa ndani. Hivi vilikuwa vimeliwa upande wa nje, na ngozi imetanuka kwenye kidole gumba, imefuata mguu mwingine. Nilitia mkono ndani nikapapasa mpaka mwisho. Hapakuwa na mahali palipobaki pake.

Gulio lililofuata nilijaza ndoo, nikarudi pale getini. Alikuwapo, amevaa kandambili. Nikaweka kigoda changu, nikakaa.

"Umeamkaje, mtani?" nikamwuliza.

Akageuka, akaingia katikati ya magari.